Mama Ngojeni, Fundi Aliyekilinda Chumba Kimoja

Tap. Ndiyo sauti iliyosikika nyumbani kwa marehemu kila umeme uliporudi. Haikuja upesi. Kwanza mtaa mzima ulishangilia, redio za majirani zikaamka zote kwa pamoja, na juu ya kelele hizo sauti ya mwanamke ikapaa kutoka dirishani: "Ngojeni kwanza! Msiwashe kitu!" Kikafuata kimya ambacho wageni walikiona kirefu na wenyeji walishakizoea. Ndipo kisanduku cheupe ukutani kikagonga, kama ulimi unaogonga kaakaa, na kiyoyozi cha chumba cha nyuma kikaanza kuvuma. Mumewe, aliyelala chumbani humo, aliisikia sauti hiyo akafumba macho.

Ndiyo maana wengi wetu tuliofika hapa leo hatukuzoea kumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tulimwita Mama Ngojeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa kitinda mimba wa baba mshona viatu na mama mkunga. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia palepale. Aliwatazama kwanza waliokuwepo, kisha ndipo akapiga ukelele. "Alikuwa anakagua," baba yake alikuwa akidakia.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na stesheni kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi 1978. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha ufundi, darasa la umeme, ambako hakukuwa na msichana mwingine. Siku ya kwanza mwalimu alimwelekeza kwa upole: "Darasa la ushonaji ni mlango wa pili, binti." Naye akajibu, "Nimeshapita huko, mwalimu. Cherehani zao nazo zina mota." Akavuta kiti akakaa. Alihitimu mwaka 1981, na mwalimu yuleyule ndiye aliyemtafutia kazi.

Kazi hiyo ilikuwa katika karakana ya kusuka mota, kwenye uchochoro ulio nyuma ya soko la jumla. Alikaa meza ya dirishani, mahali palipokuwa na harufu ya vanishi iliyoungua kuanzia asubuhi hadi jioni. Mikononi mwake zilipita mota za pampu na za feni, kompresa za majokofu na za viyoyozi, zote zikiwa zimeshakata roho. Alifungua, akanusa, akasema kilichoua. "Hii imekufa kwa umeme mdogo. Imejikokota mpaka ikajichoma." "Hii imepigwa na umeme uliorudi kwa kishindo." "Hii mwenyewe kaizima, kaiwasha palepale. Haikupewa hata nafasi ya kushusha pumzi." Mwenye karakana alimwambia afurahi, kwani kazi haiishi. Mwaka 1993 marehemu aliacha kazi hiyo, na maneno yake ya kuagia bado yanasimuliwa katika uchochoro ule: "Bosi, nimechoka kupokea maiti. Nataka nikutane nao wangali wazima."

Tangu hapo alikuwa mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba, begi begani na ngazi fupi mkononi, akifunga kile kisanduku ambacho mafundi hukiita gadi. Kazi ya kisanduku hicho ni kukata umeme ukizidi au ukipungua, na ukirudi, kungoja hadi utulie na mashine ipumue, ndipo kiuruhusu upite. Hakuondoka nyumba ya mtu kabla ya kuzima swichi kuu mwenyewe, akaiwasha, na kungoja pamoja na wenye nyumba mpaka gadi igonge. Waliomharakisha aliwakaribisha wakae.

Turudi nyuma kidogo. Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1986 na fundi rangi aliyeletwa kupaka ile karakana. Kijana huyo alipaka fremu ya dirisha la marehemu mara tatu, hadi mwenye karakana akataka kuambiwa ni mbao gani hiyo inayokunywa rangi namna ile. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Tarehe 22 Agosti 1997 mumewe aliteleza kwenye jukwaa la ujenzi akaanguka na kuumia uti wa mgongo. Alipona, lakini kuanzia kifuani kwenda chini mwili wake haukujua tena kutoa jasho wala kutetemeka. Daktari alieleza waziwazi: chumba kikichemka, naye atachemka, chumba kikipoa mno, naye atapoa nacho. Familia ikanunua kiyoyozi kinachopoza msimu wa joto na kupasha msimu wa baridi. Toka siku hiyo marehemu alikuwa na kazi moja. Nyingine zote zilikuwa za kuilisha hiyo.

Alivuta waya wa peke yake kutoka kwenye swichi kuu hadi chumba kile. Akafunga kinga ya radi, akafunga gadi, akachimbia chuma ardhini nyuma ya bafu ili umeme unaovuja upate njia ya kushukia pasipo kupitia mwili wa mtu. Kila kiangazi ardhi ilipokauka alikimwagia chuma hicho maji, kwa maana udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Watoto wa mtaa walikuja kuuliza kitaota lini. Mdogo wa mumewe, muuza magodoro, ndiye aliyemtania kuliko wote: "Shemeji, kwani unamlea kaka au unamlea mashine?" Naye: "Wote wawili hawataki kelele, shemeji. Pita ndani unywe chai."

Lipo jambo la Februari 2003 ambalo shemeji huyo mwenyewe ameomba lisifichwe. Marehemu alikuwa amesafiri kumzika shangazi yake, shemeji akaachiwa mgonjwa. Kulikuwa na joto kali. Umeme ulikuwepo, lakini mdogo, taa zikiwaka nyekundu kama sigara, na gadi ikakataa kuupitisha. "Umeme si huu hapa? Kisanduku ndicho kibovu!" akasema, akakiruka kwa waya na kuunganisha mashine moja kwa moja. Kiyoyozi kilinguruma asubuhi nzima, mchana kikatoa moshi na kunyamaza. Marehemu aliporudi alimkuta mumewe ngozi kavu, ya moto, akiongea na watu wasiokuwepo. Alimfunika shuka zilizoloweshwa, akampepea kwa sinia, majirani wakipokezana ndoo, hadi gari lilipopatikana la kumpeleka hospitali. Mungu akasaidia, akarudi mzima.

Sote tulingoja shemeji atukanwe. Marehemu alimpa bisibisi. "Njoo ufungue hii kompresa. Nataka uone." Shemeji akafungua, akaona nyaya zilizokuwa nyekundu zimekuwa mkaa.

"Kile kisanduku hakikuwa kibovu," akamwambia. "Kilikuwa kinamtetea kaka yako."

"Najua sasa unanidharau, shemeji."

"Nikikudharau, nitamwachia nani?"

Kwa miaka yote iliyofuata alimfundisha. Magodoro yakawa yanauzwa asubuhi, na jioni muuzaji anashika ngazi. Alijua kufunga vizuri, hilo marehemu hakulibisha. Alichokuwa hana uhakika nacho ni moja: siku chumba kinachemka na watu wanapiga kelele, mikono yake itatulia?

Mwezi Mei 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimwuliza kama ana swali. "Nitaweza kupanda kiti?" akauliza, kwa sababu gadi ilifungwa juu. Daktari akasema hapana. "Basi tuna tatizo," akasema marehemu, wala hakuuliza lingine. Alitibiwa kwa uvumilivu, akilazwa na kuruhusiwa, hadi alipoomba arudishwe nyumbani, kitanda chake kikawekwa ubavuni mwa kile cha mumewe. Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, binti muuguzi na mkwe wake, mwana dereva wa malori, wajukuu watatu, kaka mmoja, na shemeji yake, muuza magodoro na fundi. Mungu ampe pumziko lenye amani, mahali ambapo hakuna wa kumharakisha.

Mumewe ameomba wasifu huu uishie kwenye alasiri ya Jumapili, siku mbili kabla ya msiba. Mvua ya radi ilikuwa imekata umeme, na nyumba imejaa ndugu. Umeme ukarudi, mtaa ukashangilia, lakini taa ilikuwa inapanda na kushuka, na gadi kimya. Mumewe akaanza kupanda joto. Binti akashindwa kuvumilia.

"Ba' mdogo, baba anaungua! Unganisha moja kwa moja, hata kwa muda kidogo tu!"

"Unangoja nini, bwana?" wengine wakadakia.

Shemeji alikuwa chini ya gadi, bisibisi mfukoni. Alimtazama kaka yake, akaweka mikono nyuma.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Leteni taulo zenye maji. Mwekeeni shingoni."

Wakaleta. Hakuinua mkono. Taa ikayumba, ikayumba tena, ikatulia. Kikapita kimya.

Tap.

Kiyoyozi kikavuma. Tulidhani marehemu amelala. Lakini mkono wake ulitambaa juu ya shuka hadi ukaupata wa mumewe, naye akasema, taratibu mno, kiasi kwamba ni mumewe peke yake aliyesikia:

"Umesikia? Nimekuachia mtu."