Taa ya Zahanati ya Mtongwe

ERASTUS: Haloo? Haloo! Ni nani hapo?

MWANASAUMU: Wapiga wewe, waniuliza mimi? Kituo cha simu Likoni, opereta Mwanasaumu. Umeamkaje, bwana?

ERASTUS: Sikupiga kuamkiana. Mimi Erastus, karani mkuu wa ghala la korosho. Jana uliniacha —

MWANASAUMU: Mimi sijambo, ahsante. Na nyumbani hawajambo.

ERASTUS: — uliniacha nikining'inia! Niliomba Nairobi tangu saa mbili asubuhi. Saa nne ukaniambia "naunganisha", halafu kimya!

MWANASAUMU: Ukafanya nini?

ERASTUS: Nikaweka simu chini. Ningefanya nini?

MWANASAUMU: Ungengoja.

ERASTUS: Ningoje mpaka lini? Meneja wetu Mzungu anaondoka kabla ya Uhuru. Nairobi walikuwa wakipokea majina ya watu wa kushika nafasi yake, mwisho saa sita mchana. Nilipoomba tena ukanipeleka nyuma ya foleni, nikaipata saa saba. Saa saba!

MWANASAUMU: Aliyeweka simu chini huanza upya. Hiyo ndiyo kanuni.

ERASTUS: Na kanuni ya kumwacha mtu katikati?

MWANASAUMU: Ipo, sikiliza. Nina mikono miwili na taa thelathini za simu kwenye ubao. Nikiwa kwenye kazi yako na taa nyingine ikawaka, natazama kwanza ni ya nani. Ya hoteli? Wangoje, siwageukii hata kidogo. Ya zahanati ya Mtongwe? Hiyo taa nyekundu haimngoji hata Gavana. Basi naandika kwenye karatasi nimefika wapi nawe, kamba ya simu yako naiacha tunduni mwake, nawashughulikia wao, kisha narudi pale pale nilipokuacha.

ERASTUS: Karatasi! Hayo ni maneno ya —

MWANASAUMU: Ngoja.

ERASTUS: Usiniambie ngo —

[Mkwaruzo. Kimya.]

ERASTUS: Haloo?... Haloo! Ameniacha tena. Mungu wangu, mwanamke huyu... Naweka chini... Siweki... Haloo?

MWANASAUMU: "Usiniambie ngo". Ulikuwa hapo. Endelea.

ERASTUS: ...Nani alikuwa?

MWANASAUMU: Hayakuhusu. Lakini umeona? Leo hukuweka chini, na leo bado upo.

ERASTUS: Unanicheka?

MWANASAUMU: Sana. Jana nilikuwa mbali nawe dakika nne. Nikarudi na Nairobi mkononi, bwana mzima upande wa pili anaita "haloo, haloo", na karani mkuu kesha nuna na kwenda zake.

ERASTUS: Mbona Fondo wa stoo yeye aliipata Nairobi mapema? Ni ndugu yako?

MWANASAUMU: Fondo nilimwacha mara mbili asubuhi ile ile. Kila nikirudi namkuta anapiga mluzi.



ERASTUS: Haya, cheka. Nimemwandikia mkubwa wako. Amesema uniombe radhi leo kabla ya adhuhuri, la sivyo kazi yako anapewa msichana wa Kisauni.

MWANASAUMU: Najua. Maneno ya kukuambia ameniandikia kabisa, kwa taipu. Ninayo hapa mbele yangu.

ERASTUS: Basi yasome.

MWANASAUMU: Jana nilipokuacha, dresa Mwarandu, muuguzi wa zahanati, alikuwa na mama aliyekuwa akijifungua na kuvuja damu, akitaka gari la wagonjwa lingoje ng'ambo feri ikifika. Nimekutajia zahanati zamani, bwana Erastus. Umeuliza habari za Nairobi, za Fondo, za foleni. Aliyekuwa mgonjwa huko hujamuuliza.



ERASTUS: ...Yu hai?

MWANASAUMU: Yu hai. Na mtoto wake, wa kike.

ERASTUS: Mungu ashukuriwe. Kweli, sikujua. [Anakohoa.] Basi dada, tumalizane kwa wema. Hiyo barua kwa mkubwa wako siwezi kuirudisha, ofisi nzima wameiona. Wewe niambie neno moja tu, "samahani". Hata kwa kunong'ona. Nitawaambia nimelisikia.

MWANASAUMU: Nikunong'oneze?

ERASTUS: Kidogo tu. Adhuhuri inakaribia, Mwanasaumu. Kazi hii —

MWANASAUMU: Saa ninayo ukutani, naiona.

ERASTUS: Watakufukuza!

MWANASAUMU: Na wanifukuze. Siombi radhi.