Mzee Kuruvilla na Betri ya Kuwashia

Baba Paroko, majirani wa Kainakary, na ninyi nyote mliofika kwa boti kwenye mvua hii, familia imenipa mimi, Lissy, nisome habari za maisha ya baba yetu, Kuruvilla Ouseph.

Alizaliwa hapa Kainakary tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya parokia, kisha sekondari mjini Alappuzha alikomaliza mwaka 1967, akajifunza ufundi wa umeme kwenye boti za abiria, na tangu mwaka 1993 akawa fundi wa boti za kulaza watalii, ambako betri za kila boti alizigawa makundi mawili, moja la kuwashia injini, jingine la taa, feni na majokofu, na injini ikinguruma lilishiba kwanza lile la kuwashia, ndipo la pili lipate zamu yake, wala la pili halikuruhusiwa kulinyonya la kwanza.

Kwa hilo aliitwa mchoyo, na jirani yetu Sukumaran, mwenye boti ya watalii, alimpigia kelele gatini, "We Kuruvilla, uchoyo gani huu, unganisha zote bwana, wageni wangu wanataka baridi mpaka asubuhi!" naye akamjibu, "Sawa, na asubuhi injini ikigoma kuwaka utawasukuma kwa bega lako?"

Tarehe 9 Februari 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Thresiamma, katika kanisa hili hili, wakajaliwa kaka yangu Joychan mwaka 1979 na mimi mwaka 1983, niliye muuguzi huko Muscat.

Mwaka 2020 mapafu yake yalianza kuchoka, akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni nyumbani, na tarehe 18 Julai 2022, nami nikiwa safarini kutoka Muscat, upepo ulipoangusha nguzo za umeme, majirani mlibeba betri za boti zenu mkaziunganisha kwenye mashine ile, na kwa mapenzi yenu, jamani, mkang'oa mpaka za kuwashia, zikaanza kuisha, na pasiwe na injini hata moja inayoweza kuwaka ili izichaji. Baba aliisogeza barakoa akasema, "Sukumaran, hiyo yako ya kuwashia bado haijatumika, irudishe upesi, mwanangu atakuja na nini?" Sukumaran aliirudisha huku akilia, boti yake ikawaka, ikachaji nyingine zote kwa zamu, kisha ikanifuata Alappuzha, nami nikamkuta baba anapumua, akanishika mkono, akauliza kama nimekula.

Alifariki tarehe 21 Julai, saa kumi na moja alfajiri, tukiwa wote kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa gatini, na ninyi majirani mliomwita mchoyo miaka yote kisha mkampa mlichokuwa nacho, hatuna cha kuwalipa, Mungu awazidishie.

Pumzika kwa amani, Baba, boti ya Sukumaran iliyokuleta kanisani leo imewaka kwa jaribio la kwanza tu.