Historia ya Leonia Evaristo, Aliyeandaliwa Miaka Kumi na Mitatu

Padri wetu, wakubwa zangu shikamooni, majirani mliofunga maduka kwa ajili yetu poleni na asanteni, mimi ni Fortunatus, kaka wa marehemu, na familia imenichagua nisome historia hii ingawa niliishia darasa la sita, kwa sababu wenye vyeti hawakuwepo na mimi nilikuwepo, kila mtakachosikia nimekiona kwa macho haya mawili, hata siku anazaliwa nilikuwa nimening'inia dirishani, mtoto wa miaka minne, mpaka mkunga akanifukuza na mwiko.

Leonia alizaliwa Baleni tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa Mwalimu Evaristo, aliyehamishiwa kisiwani kutoka bara na sanduku moja na hakutaka tena kurudi, akaanza shule ya msingi hapo hapo Baleni mwaka 1987, akamaliza 1993, akasoma sekondari hapa Mafia hadi 1997, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea kazi za hoteli, akahitimu mwaka 2000, na nauli yake ilitoka kwenye nazi nilizoangua mimi, katika minazi ambayo hata tumbili walikuwa wakiitazama wanaghairi.

Tarehe 3 Februari 2001 aliajiriwa mapokezi katika hoteli moja ya wageni kule Utende, jina silitaji, nisije nikawatangazia biashara bure msibani, akafanya kazi mpaka mwaka 2009 akawa msaidizi wa meneja, na katikati ya hapo, tarehe 9 Oktoba 2004, alifunga ndoa na shemeji yetu Haruni, fundi wa mashine za boti, huyu mnayemwona ameinamisha kichwa, wakajaliwa watoto wawili, Goodness aliyezaliwa 2005 na Tumaini aliyezaliwa 2010.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2012 wenye hoteli, wanaokaa Ulaya, walileta mpango wa kuwakuza wataalamu weusi wafike ngazi za juu, fedha wakapewa na wafadhili, Leonia akawa wa kwanza kuingizwa, akaambiwa akihitimu tu kiti cha meneja ni chake, na sisi tukachinja mbuzi. Mwaka 2014 akahitimu, na kiti kikawa wazi kweli, lakini wakasema imeongezwa hatua ya pili, na kwa utaratibu wao mtu ambaye bado anaandaliwa haruhusiwi kuomba nafasi, kwa hiyo akaletwa kijana kutoka kwao, na Leonia akaambiwa amfundishe kazi. Mwaka 2017 kijana akaondoka, ikaongezwa hatua ya tatu, akaletwa mwingine, akafundishwa na Leonia. Mwaka 2021 hivyo hivyo.

Walikuwa wanamwambia, "Leonia, uko karibu sana." Karibu! Hata kuku wa pilau yuko karibu na harusi.

Na sababu niliijua mimi niliyekuwa napeleka nazi jikoni kwao, kila wafadhili walipofika walikuwa wanauliza yuko wapi mwanafunzi bora wa mpango, na Leonia anasukumwa mbele, anapigwa picha, picha ikabandikwa hata uwanja wa ndege Kilindoni, amekunja mikono anacheka, sasa wakimpa kiti, wataonyesha nani? Mpango ulikuwa unakula kwa mgongo wake, akihitimu utakufa njaa. Haruni alikuwa anamtania nyumbani, "Mama Goodness, ukuta umejaa vyeti, saa tutaitundika wapi?" naye anamjibu, "Baba Goodness, hiki ndicho cha mwisho," na kila mwaka kilikuwa cha mwisho.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2022. Mwezi Machi mwaka huu wa 2025 wakamleta meneja wa nne, umri wake kama mpwa wangu, wakatangaza na hatua ya tano, na hapo, mbele ya wageni wote, Leonia akasimama, akakivuta kile kiti cha meneja, akakikalia, akasema, "Nimeiva zamani, msiponipakua nitaungulia chunguni!" Mimi mwenyewe nilikuwa mlangoni, nimeshika kapu la nazi.

Tarehe 19 Mei alianguka pale mapokezi, akimwonyesha huyo meneja mpya funguo za stoo, akalazwa, na alfajiri ya tarehe 2 Juni akafariki. Daktari ameandika shinikizo la damu, na mimi simbishii daktari, yeye ameandika kilichomuua, hakuulizwa nani.

Jana, ndugu zangu, hata kaburi halijachimbwa, amekuja mratibu wa mpango, Edwin, yule pale mwenye shati la bluu, mwacheni anywe maji yake, akakaa mkekani na sisi, akaomba ruhusa ya familia mpango uitwe jina la Leonia. Familia imekaa, na jibu ni hili, jina hamlipati, na ile picha ya uwanja wa ndege ishuke kabla ya jua kuzama, mkishindwa ngazi ninayo. Kuna binti wa kijiji cha Kiegeani, hapa hapa kisiwani, Chiku, marehemu alimfundisha kazi kwa mkono wake, na sasa mmemweka hatua ya pili. Mkitaka kumuenzi Leonia, mpeni Chiku kiti, mumpe akiwa hai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya ambao hawakumwacha hata usiku mmoja, majirani wa dini zote, akina mama mliopika, na wafanyakazi wenzake wa jikoni, bustani na mapokezi mliochanga mchele bila kutumwa na mkubwa yeyote.

Lakini mke wangu ananikodolea macho, na mbele ya jeneza sitazika uongo. Lile la kukalia kiti nimelitunga mimi. Siku ile Leonia alimwambia meneja mpya, "Karibu sana," akammiminia maji ya dafu, akarudi mapokezi, na mimi nikasimama na kapu langu nikisubiri aseme, hakusema, na sikuweza kumsindikiza bila neno hilo kutoka hata kinywani mwa ndugu yake.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Ugomvi tuachie sisi.