Dhapu Devi na Ukuta Uliotazama Kisima

Ndugu wa mbali na wa karibu, majirani, wafanyakazi wenzake, familia inawashukuru kwa kuja siku hii ya kumi na mbili ya msiba kusikia habari za mama yetu Dhapu Devi, na inaomba radhi kwamba ndani ya habari zenyewe pa kufurahia ni pachache.

Dhapu Devi alizaliwa hapa Lunasar tarehe 1 Julai 1961, kama nusu ya watu wa wilaya hii, kwa kuwa mwalimu aliyewaandikisha shule hakuwa na tarehe nyingine. Alikuwa binti wa nne wa mchunga ngamia Tiloka Ram na mkewe Hanja, nao wakampa jina lenye maana kwamba mabinti sasa wametosha, taarifa ambayo mbinguni haikufika, maana walifuata wengine wawili.

Alisoma shule ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1968 hadi 1973, akaishia darasa la tano, si kwa kushindwa, bali kwa sababu darasa la sita lilikuwa kilomita kumi na moja kutoka hapa, na kilomita hizo zilihesabiwa kuwa ni za wavulana.

Aliolewa na Bhura Ram, mvunja mawe, siku ya Akha Teej, sikukuu ya ndoa, ya mwaka 1975, pamoja na dada zake wawili ili karamu iwe moja, akahamia kwa mumewe mwaka 1979, wakajaliwa Kishna mwaka 1981 na binti, Mohni, mwaka 1984. Mume na mke walivunja mawe machimboni hadi tarehe 9 Februari 1994, vumbi lilipommaliza Bhura Ram akiwa na miaka thelathini na minane, na Dhapu akatoka huko na watoto wawili, nyundo moja, na kikohozi ambacho mganga wa zahanati aliandika kuwa ni mafua.

Mwaka 2001 kijiji kiliandikisha Shirika la Kutunza Oran ya Bheruji, ule msitu wa mungu wetu ambao mababu walikataza usikatwe hata kijiti, unaotupa malisho, kivuli, na maganda ya mti wa khejri tunayopika mboga, na Dhapu akachaguliwa kuwa mweka hazina kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyewahi kubishana na mwenye duka akashinda. Kanuni ilisema mahesabu ya shirika yawekwe hadharani, na Dhapu, aliyesoma kanuni kama mtu anayeamini kwamba walioiandika walikuwa na nia, aliuliza hiyo “hadharani” ni wapi, hakujibiwa, akaamua kuwa ni ukuta wa ofisi unaotazama kisima, maana hapo hupita kila mtu na mbuzi wake. Kila Aprili aliandika pale kwa rangi ya bluu mapato, matumizi, na mstari wa mwisho idadi ya miti, kwa sababu alisema fedha ya mazingira isiyoonyesha mti ni porojo. Mwaka 2019 mstari huo ulisomeka miti 415.

Mwaka 2006 mkaguzi wa wilaya alijikuta ukutani, chai rupia sita, biskuti nne rupia nne.

“Mama, hata biskuti?”

“Si ulikula, bwana mkubwa?”

“Nilikula tatu!”

“Ya nne uliitia mfukoni. Mimi nilinyamaza mbele za watu, lakini ukuta haunyamazi.”

Vitabu vya karatasi navyo vilikuwapo, ila vya miaka kumi ya kwanza viliishia kwa mchwa, na vilivyobaki vilifungwa kwenye sanduku, vikapelekwa wilayani tarehe 3 Machi 2016 vikaguliwe. Alipovidai miaka miwili baadaye, alielezwa kwa upole kwamba stakabadhi aliyonayo inathibitisha kupokewa kwa sanduku, haisemi lolote kuhusu kilichokuwamo, na kwamba sanduku lenyewe yuko huru kulichukua. Akalichukua, tupu. Tangu siku hiyo, kumbukumbu zote za shirika zilikuwa ni ule ukuta.

Tarehe 19 Agosti 2019 ikaja barua ya wilaya, kwamba shirika lionyeshe mahesabu ya miaka yake yote, la sivyo lifutwe, na oran, kwa kukosa mtunzaji, iingizwe daftarini kama ardhi tupu, maneno ambayo kwa lugha ya ofisi humaanisha ardhi ambayo mwenye mashine ya kokoto ameshaiulizia. Dhapu aliwajibu waje wasome ukuta, nao, jambo ambalo hadi leo halijaelezeka, wakakubali, wakapanga Jumanne tarehe 29 Oktoba.

Tarehe 11 Oktoba alitema damu, akalazwa Jodhpur, Kishna akaenda kumuuguza. Diwali ilikuwa tarehe 27, na kwetu Diwali haiachwi ikakuta nyumba ya mgonjwa haijapakwa chokaa, kwani baraka huiruka nyumba chafu, na uhai nao hufuata. Kwa hiyo tarehe 24 Mohni aliwakusanya wanawake wa mtaa, wakapaka nyumba ya mama yake, wakapaka zizi, na kwa kuwa mama huyo aliishi zaidi pale ofisini kuliko nyumbani, wakapaka na ukuta. Kijiji kizima kilisaidia kubeba maji.

Alirudi tarehe 28, akashushwa mbele ya kisima.

“Mama, na huku tumekupakia, upate kupona,” alisema Mohni.

Dhapu aliigusa chokaa kwa kidole. “Mmepaka mara ngapi?”

“Mara mbili, mama.”

“Mngepaka mara moja ingetosha,” alisema, “ila mmenipenda sana.”

Akaomba mundu, akaanza kukwangua. Mohni, aliyekuwa ameshaelewa, alimshika mkono akilia, “Mama, vumbi hilo!”

“Vumbi na mimi tumeoana zamani, mwanangu. Hata baba yako alituacha pamoja.”

Tulikwangua sote, kwa mundu, vijiko na kucha, lakini chokaa ilibanduka pamoja na rangi, na hadi Jumanne adhuhuri ulipatikana mwaka 2006 na kipande cha 2007. Mkaguzi, kijana mpya, alisoma habari za biskuti akacheka, kisha akaacha kucheka.

“Nitaandika nilichokiona, mama.”

“Andika, mwanangu. Hata mimi nilifanya hivyohivyo.”

Aliandika kwamba ameonyeshwa ukuta mmoja, mweupe, ulio katika hali nzuri.

Dhapu Devi alifariki nyumbani kwake Ijumaa tarehe 3 Januari 2020, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mikononi mwa Mohni, ambaye mama hakumlaumu hata mara moja, na Mohni anasema hiyo ndiyo adhabu. Barua ya kulifuta shirika ilifika tarehe 10, imeandikwa kwa jina la marehemu, ikimpa siku kumi na tano za kukata rufaa, afike mwenyewe.

Familia inamshukuru daktari wa Jodhpur, aliyekuwa wa kwanza kuliandika jina kamili la ugonjwa wake, baada ya miaka ishirini na mitano; majirani walioleta mkate wa uwele siku zote hizi; wenzake wa shirika, ambalo sasa halipo; na wanawake wa mtaa, walioshika brashi kwa nia njema, wasiogope kuutazama ukuta.

Jana watu wa ofisi waliingia oran na ndoo ya rangi nyekundu, wakaandika namba kwenye kila shina litakalokatwa, namba kubwa, zinazosomeka hadi kisimani, na hayo ndiyo mahesabu ya kwanza ya serikali kuwekwa hadharani Lunasar. Yameishia 412. Mohni alizunguka leo asubuhi akahesabu miti 415, mitatu haina namba, akarudi, akanawa mikono, na kwa mara ya kwanza katika familia hii kosa la hesabu limeonekana, likaachwa.

Pumzika kwa amani, mama, na hilo usilisahihishe.