Betri ya Mnara wa Kinampanda

Ndugu waombolezaji, Gaspari Alute alizaliwa tarehe 3 Juni 1961 hapa Kinampanda, mtoto wa kwanza wa Mama Theodora, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza kidato cha nne Singida mjini mwaka 1980, akaajiriwa fundi mitambo katika shirika la umma, hadi mwaka 1996 shirika lilipobinafsishwa naye akarudishwa nyumbani kwa barua ya mistari minne. Alifunga ndoa na Winfrida tarehe 10 Septemba 1988, wakajaliwa watoto watatu.

Akawa fundi redio, na mwaka 2005 akaokota vifaa viwili vya intaneti isiyo na waya vilivyotupwa na ofisi moja mjini, akafuta programu za kiwandani, akaweka programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuigawa bure, akasimamisha mnara hapa na mwingine Ulemo, ili zahanati ya kule, ambako simu hazishiki, iweze kuita gari la hospitali kupitia mnara wa hapa. Vifaa hivyo viliweza kutafuta njia nyingine kimoja kikizimika, ila ulihitajika mnara wa tatu, akauomba kwenye mikutano miwili ya kijiji, mkampigia makofi mkaenda zenu. Sanduku la betri hakulitia kufuli, akisema wenyewe hawafungiwi mali yao.

Jumapili tarehe 18 Mei 2008, saa tisa alasiri, akivuna mtama Ulemo, aliumwa na nyoka aina ya koboko, Felista, muuguzi wa zahanati ya kule, akatuma ujumbe kuomba gari, marehemu akakataa kubebwa kwa baiskeli kwa kuwa aliamini gari liko njiani, kumbe ujumbe haukutoka, maana betri ya mnara wa hapa ilichukuliwa tangu adhuhuri na mdogo wake, Godfrey, kuwashia televisheni ya mpira, nanyi mnaokaa mbele leo ndio mliokaa mbele siku ile. Alifariki saa kumi na moja na nusu jioni. Mpira ulipoisha betri ikarudishwa, ujumbe uliokuwa ukingoja ukaondoka wenyewe, na gari likafika Ulemo kwa dakika arobaini, likabeba maiti.

Familia inamshukuru Felista, inamshukuru dereva na daktari waliokuja mara tu walipoitwa, inawashukuru mafundi wenzake, na majirani mliojaa hapa kama mlivyojaa kwenye mpira. Historia hii imetungwa na mama yake, Theodora, aliyeamuru isomwe na Godfrey na si mwingine, amesimama, bila kuruka neno.

Pumzika kwa amani, Gaspari mwanangu, mimi nimebakiwa na huyu anayesoma.