Nilichora Hina Mwanangu Akiwa Kifuani

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Na wewe unayesoma hapa huku unabembeleza mtoto, kwako asifiwe mara mbili!

Mimi ni mama kijana, naishi Zinga na mume wangu, dereva wa bodaboda. Shule niliishia la saba, lakini mkono Mungu alinipa. Nachora hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua. Nilianza na wasichana wenzangu wakati wa sikukuu, huku nikiota kumchora bibi harusi wa Bagamoyo mjini, kwenye zile familia ambazo ukimpendeza mmoja, akina mama wote wanauliza nani kachora.

Siku ikaja! Kwao Rukia, bibi harusi wa mjini, wakaniita. Nilicheka peke yangu njiani kama kichaa. Tumbo lilikuwa kubwa, lakini nilijua harusi itatangulia, ndipo nijifungue.

Ndugu zangu, mwanangu hakusubiri harusi ya mtu! Shukuru alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kifaranga. Nesi akasema akae kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, anyonye kila mara, la sivyo tutampoteza. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, mama mkwe akaja na sufuria zake, akatangaza kuwa mzazi hatoki nje mpaka arobaini. Na Rukia naye alishawekwa ndani kwao, maana mwali wa Pwani hatoki mpaka siku yake. Yeye hatoki, mimi sitoki, na harusi ni wiki ileile!

Nililia jamani. Wengi walishaniambia, "Ukizaa tu, biashara basi." Nikaona ndiyo hii sasa. Nikaomba: Baba, kazi hii naipenda, unajua. Lakini kama ni kuchagua, namchagua huyu anayepumua hapa kifuani. Amani ikaniingia. Nikampigia simu Bi Zuhura, somo wa Rukia anayemtunza na kumfunda, nikamwambia watafute mchoraji mwingine, mwanangu simtoi kifuani.

Akaniuliza, "Kwani nani kakwambia umtoe?"

Kesho yake asubuhi bajaji ikasimama mlangoni, akashuka Bi Zuhura mwenyewe na khanga begani. Mama mkwe akaziba mlango.

"Mwenzangu, mzazi hatoki. Arobaini bado."

"Ebo! Nimesema anatoka? Namhamisha, ndani kwa ndani. Mwali wetu na mzazi wenu chumba kimoja, upepo hauwaoni. Na wewe mama twende, ukawalinde. Pilau ipo."

Mama mkwe akafikiri. "Ya nyama?"

Tulicheka mpaka Shukuru akaamka!

Tukaenda, na chumbani kwa Rukia kazi ile nikaifanya kama sijawahi. Siku zote nainama, mkono wa bibi harusi uko pajani kwangu. Safari hii Rukia alipanda kitandani, mkono juu ya mito, mimi nimekaa wima, mtoto nimemfunga kifuani kwa khanga. Vidole vyangu vimejaa piko, haviwezi kumshika, basi akilia Bi Zuhura ndiye anayemweka kwenye ziwa. Waislamu wale wanamwombea dua, mimi namwimbia pambio, maua yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Hakuna ua lililopinda, wala mwanangu hakupoa! Haleluya!

Leo Shukuru anatambaa, na naitwa mpaka Kaole na Mlingotini. Simu ikilia, nasema kwanza: nina mtoto, naomba pa kumlaza. Wapo wanaokata simu. Wakate! Wanaosema "njoo naye" wamenitosha.

Mzazi mwenzangu mwenye biashara, mweleze Mungu ukweli wako, halafu mweleze na mteja. Usimfiche mtoto kama vile ni aibu. Mungu aliyenihamisha ndani kwa ndani hashindwi na hali yako, mtumaini tu. Namshukuru Yeye, namshukuru Bi Zuhura, namshukuru hata mama mkwe, aliyegoma kurudi nyumbani kwa sababu ya pilau. Na niombeeni nifungue saluni yangu, naiona inakuja! Kitu cha kwanza kuingia humo ni kitanda cha mtoto. Amina!