Mkono wa Kulia Ulikuwa Wake

Wasifu wa marehemu Mzee Alfayo Nyasani, fundi wa nguo na mpiga kinanda wa kanisa letu la Ikonge, uliosomwa nyumbani kwake Jumapili, tarehe 19 Machi 1978.

Marehemu Mzee Alfayo Nyasani alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji hiki, juu kidogo ya soko la Ikonge, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ogari na Mama Bitutu, ambao wote wametangulia. Tarehe hakuna aliyeiandika. Mama yake alisema tu kwamba ulikuwa wakati wa kuvuna wimbi, na kwamba mtoto alilia kwa sauti mbaya tangu siku ile ile. Sauti hiyo haikumwacha. Sote tuliowahi kusimama karibu naye kanisani tukiimba tunalijua jambo hili, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulicheka.

Mwaka 1931 aliingia shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne. Alipenda hesabu, alipenda Biblia, lakini zaidi ya yote alipenda kuimba, na kuimba hakukumpenda. Mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa nyuma, baadaye akamsogeza mlangoni, na mwishowe akamwomba kwa upole awe anawashikia wenzake vitabu. Alivishika kwa uaminifu hadi mwaka 1935, baba yake alipougua na ng'ombe wakakosa mchungaji.

Mnamo 1938 alishuka Kisii mjini, akajifunza kushona kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja aliyekuwa mkali wa vipimo na mpole wa maneno. Wakati wa vita alichukuliwa, akapelekwa Gilgil kushona sare za askari. Huko, kila asubuhi, bendi ya jeshi ilifanya mazoezi nyuma ya stoo ya vitambaa, naye alisimama dirishani na futi yake shingoni akisikiliza. Alituambia kwamba kilichomshangaza si utamu wa muziki. Ni kwamba watu wale wazima, wenye mishahara, walikosea pale pale kila siku, wakacheka, wakarudia. Mwaka 1946 alirudi nyumbani, akaweka cherehani yake ya miguu sokoni Ikonge, na ikakaa hapo maisha yake yote.

Desemba ya mwaka huo huo alimwoa Eucabeth Nyamoita kutoka Kenyenya. Ng'ombe walitolewa, na harusi ikafungwa kanisani, bwana harusi amevaa suti aliyojishonea, moja ya suti chache ambazo alikiri hadharani kwamba hazikumkaa vizuri. Mungu aliwajalia watoto watano, wa kwanza akiwa Machogu. Walilima pareto, na baadaye majani chai, na hatukumbuki siku waliyokosa kusalimiana asubuhi.

Sasa tufike kwenye kinanda, kwa maana tukikiruka marehemu hatatusamehe.

Kanisa letu lina kinanda cha kukanyaga: vidole hubonyeza vibao vyeupe na vyeusi juu, na miguu hujaza hewa chini. Mwalimu aliyekuwa akikipiga alihamia Nakuru mwaka 1962. Tangu hapo kinanda kikakaa kimya pembeni. Watu walikiwekea kofia, na msimu mmoja mtu fulani, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa sababu ameketi hapa, alikiwekea gunia la mahindi. Novemba 1963 wazee wa kanisa walikubaliana kwamba kipelekwe kwa kanisa lingine lenye mtu wa kukipiga. Hapo ndipo Mzee Alfayo aliposimama kutoka nyuma. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na alikuwa hajawahi kugusa chombo cha muziki.

"Nipeni mpaka makambi," alisema, akimaanisha ule mkutano mkubwa wa Agosti ambapo makanisa yetu yote hukusanyika. "Mdomo umenikataa tangu utoto. Labda vidole vitanikubali."

Watu wakacheka. Mzee wa kanisa, Obwocha, hakucheka. Alisema, "Basi mpaka makambi. Ukishindwa, hiki kitu kinaenda."

Katika ukoo wetu mtu mmoja tu ndiye aliyejua kinanda: mwalimu Drusilla Kwamboka, aliyekuwa ameolewa mwaka huo na Walter, mtoto wa kaka yake Mzee Alfayo. Drusilla alifundisha Ogembo, na Sabato zake nyingi zilikuwa za wanafunzi wake huko, lakini alikuja nyumbani Jumapili alizopata gari, na wakati wa likizo. Alikuwa tayari kumfundisha. Tatizo lilikuwa kwingine. Wageni wetu waliotoka mbali watuelewe: kwetu Wakisii, mke wa mwanao, na mke wa mwana wa ndugu yako vilevile, kati yenu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Hamgusani. Hamketi benchi moja. Sasa mtu utamfundisha vipi kinanda bila kumshika hata kidole?

Eucabeth ndiye aliyelifungua fundo hilo, kwa sababu mama mkwe na mke wa mtoto hawana katazo la kugusana. Drusilla alimketisha Eucabeth kwenye kinanda, akaviweka vidole vyake mahali pake, mkono wa kushoto na wa kulia, mpaka vikakubali. Kisha Drusilla alitoka nje akasimama dirishani. Ndipo Mzee Alfayo akaingia, akaketi kwenye benchi kando ya mkewe, na Eucabeth akaviweka vidole vyake juu ya vidole vya mumewe. Kila sauti aliyojifunza marehemu ilipita kwanza katika mikono ya mkewe.

Waliopita njia siku hizo walipata kichekesho cha bure.

"Mama, mwambie Tata kile kidole cha tatu kinalala," Drusilla alisema dirishani, Tata kwetu akiwa ni baba.

"Anasema kidole chako kinalala."

"Nimesikia. Mwambie kimeshika makasi wiki nzima."

"Amesikia," alisema Eucabeth. "Amka."

Tena kuna Jumapili ambayo kinanda kilikuwa kikitoa sauti, kinakata, kinatoa, kinakata, mpaka Drusilla akashindwa kuvumilia. "Mama, hebu angalia miguu yake. Huku nje kinanda kina kwikwi."

Eucabeth akainama. "Baba Machogu! Wewe unashona!"

Ilikuwa kweli. Kinanda hukanyagwa mguu mmoja baada ya mwingine, lakini fundi wetu alikuwa na miaka ishirini na zaidi ya kukanyaga cherehani, miguu yote pamoja, kisigino na vidole. Kichwa kilielewa upesi. Miguu ilikataa kwa miezi mingi.

Asubuhi, kabla ya kufungua cherehani, alipitia kanisani akafanya mazoezi, na mkewe akaenda naye. Maendeleo yalikuwa madogo mno. Ilipita miezi yeye anajua mstari mmoja tu wa wimbo mmoja. Wateja walimchokoza: "Fundi, suruali yangu iko wapi? Ama umeigeuza wimbo?" Msimu wa kuchuma pareto ulimchosha, vidole vikavimba, akasema hadharani kwamba muziki ni wa watoto ambao mifupa yao bado ni laini. Drusilla, akiwa dirishani, hakumbishia. Alimtumia tu neno kupitia kwa Mama: asiondoke kamwe kwenye kinanda na kosa masikioni. Akikwama kwenye mstari mpya, amalizie kwa ule wa zamani anaoujua, ili aende kazini akiwa na furaha. Na marehemu, akiikumbuka bendi ya Gilgil, alikosea, akacheka, akarudia.

Agosti 1964 makambi yakafika. Kinanda kilitolewa nje, watu wakajaa mpaka kwenye migomba. Mzee Alfayo alianza vizuri. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, halafu akainua macho akaona umati, na miguu ikarudi kwenye cherehani. Kinanda kikashika kwikwi, kikanyamaza katikati ya ubeti. Watu walimalizia wimbo bila yeye. Alikaa ameinamisha kichwa mpaka amina, kisha akakifunika kinanda kwa kitambaa alichokuwa amekishonea mwenyewe, akaenda nyumbani kwa miguu bila kuaga. Aliona aibu, na hatutaficha kwamba alilia.

Wazee waliketi kuamua. Mmoja alikumbusha kwamba ahadi ni ahadi. Obwocha akamjibu, "Mwaka jana tuliimba na kinanda kiasi gani? Hata neno moja hatukuwa nalo. Leo tumepata nusu ya wimbo. Hii nusu tunaipeleka wapi?" Kinanda kikabaki. Lakini mpigaji hakurudi. Alisema amemaliza, na asubuhi akawa anapita kanisa kama halipo.

Hali ikawa hivyo hadi karibu na Krismasi. Asubuhi moja Eucabeth alijitanda leso yake, akasimama mlangoni. "Mimi sijamaliza," alimwambia. "Vidole vyangu vinataka kujua mwisho wa ule wimbo. Wewe kaa na aibu yako. Mimi naenda."

Marehemu alitusimulia mara nyingi kwamba alimfuata ili kumkanya, mama mzima asiende kugonga kinanda cha kanisa peke yake. Alipoingia alimkuta anatafuta mstari wa tatu na kuukosa. Akasimama pale akisikiliza. Akasema, "Si hapo." Akaketi. Katika baraka zote za maisha yake, alisema, hiyo ndiyo aliyoishukuru kwa sauti kubwa zaidi: kwamba alioa mwanamke mbishi.

Sabato ya tarehe 12 Juni 1965, Mzee Alfayo alipiga wimbo mzima, beti zote, miguu ikienda moja moja. Ubeti wa mwisho aliukimbiza, kama fundi anayemalizia pindo mteja amesimama, na akina mama wakaachwa nyuma wakihema. Obwocha alisimama akasema, "Leo tumeshonwa wote," na kanisa likacheka mpaka mahubiri yakachelewa. Drusilla alikuwa amesafiri kutoka Ogembo kwa ajili ya siku hiyo. Alisimama nje dirishani, mahali pake, machozi yakimtoka. Mzee Alfayo hakugeuka. Alimwinamia mkewe akasema, "Mwambie mwalimu asante."

"Amesikia."

"Mwambie tu."

Akaambiwa.

Tangu hapo alipiga kinanda chetu kwa miaka kumi na miwili, kwenye harusi za wengi mlio hapa na kwenye mazishi ya wazazi wenu. Mtu mzima yeyote aliyemjia akisema amechelewa kuanza jambo alipewa stuli kando ya cherehani na kusimuliwa habari ya makambi ya 1964 tangu mwanzo mpaka mwisho, atake asitake.

Julai 1977 marehemu aliamka upande wake wa kushoto umelegea. Alilazwa Kisii, akaruhusiwa, lakini mkono na mguu wa kushoto havikurudi. Cherehani ilifungwa. Tulidhani na kinanda kimefungwa. Sabato ya kwanza aliyoweza kufika kanisani, Eucabeth alimsaidia kuketi kwenye benchi, akaketi kushoto kwake, na bila kumuuliza mtu akaweka mkono wake mahali ambapo ule wa mumewe ungekuwa. Aliujua wimbo. Alikuwa ameujua siku zote, kwa kuwa ulipita kwake kwanza. Walipiga pamoja, mkono wa kulia wa Alfayo na wa kushoto wa Eucabeth, na chini vilevile, mguu wake na wa mumewe, moja moja. Hawakukosa Sabato hadi Februari mwaka huu, nguvu zilipokwisha kabisa.

Mzee Alfayo Nyasani aliaga dunia Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Tunawashukuru wauguzi waliomtunza, majirani walioleta kuni na maji, na wanakwaya ambao hawakuchoka kuja kumwimbia. Yeye naye aliwafuatisha kwa sauti yake ile ile, nao hawakumsogeza mlangoni.

Ameacha mjane, Mama Eucabeth Nyamoita. Watoto watano, Machogu, Manasseh na dada zao watatu, pamoja na wake na waume zao. Wajukuu kumi na mmoja. Dada yake mmoja aliyeolewa Ogembo. Na Walter na mwalimu Drusilla, aliyekuwa mkwe wake na mwalimu wake.

Mmekiona kinanda kimebebwa kutoka kanisani na kuwekwa hapa uani. Baada ya maombi Mama Eucabeth atapiga ule wimbo. Ameomba tuwaeleze jambo moja, ili mtu asifikiri amesahau. Atapiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Mwalimu Drusilla alijitolea kuketi upande wa pili, na Mama alimshika mikono, akamshukuru, akakataa. Alisema mkono wa kulia ulikuwa wa Baba Machogu na mahali pake hataweka mtu mwingine. Sehemu ile, iliyo na wimbo wenyewe, ndiyo ambayo mdomo wake haukuiweza maisha yake yote. Leo tutamwimbia sisi. Tafadhali simameni, na hata wewe unayejua kwamba sauti yako ni mbaya, imba.

Pumzika salama, Baba Machogu. Mwalimu yuko mahali pake, na anasema asante.